Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali: pimeni ubongo wa mgonjwa kwa lugha anayofikiria kwayo

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji,
Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini,
Mkuu wa Idara ya Upandikizaji wa Uboho na Tiba ya Seli.

YAH: UPIMAJI WA MADHARA YA UBONGO KWA WAGONJWA WANAOZUNGUMZA KISWAHILI WANAOPEWA TIBA YA SELI ZA CAR-T

Waheshimiwa,

Naandika nikiwa dada wa mgonjwa aliyetibiwa limfoma katika wodi yenu hapa Marekani, na naandika hadharani kwa sababu njia za faragha zimekwisha. Tulianza kwa kuzungumza na muuguzi kiongozi wa zamu, tukaenda ofisi inayoshughulikia malalamiko ya wagonjwa, tukaandika, tukaitwa kikaoni, na mwishowe tukapokea barua fupi inayosema kwamba taratibu zote zilifuatwa na kwamba hospitali inasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Hatukulalamikia usumbufu. Tulilalamika kwamba ubongo wa kaka yangu ulipimwa kwa lugha asiyoimudu, kwamba makosa aliyoanza kuyafanya yalihesabiwa kuwa ni ya ugeni wa lugha na si ya ugonjwa, na kwamba dawa iliyopaswa kuwa tayari jioni ilimfikia alfajiri, akiwa ameshapatwa na degedege.

Nakala ya Kiingereza ya barua hii imeshakabidhiwa ofisini kwenu. Hii ya Kiswahili naitoa kwa ajili ya familia nyingine zinazokaa kwenye viti vilevile tulivyokalia sisi, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, ili wajue cha kuangalia na cha kudai. Sitaji jina la hospitali, la daktari wala la muuguzi yeyote, kwa kuwa ninachotaka kibadilike ni utaratibu.

Niseme mapema pia, asije mtu akaitumia barua hii kuwatisha wagonjwa, kwamba hatuipingi tiba yenyewe. Kaka yangu ana limfoma ya seli B kubwa, saratani ya tezi za limfu inayokua kwa kasi, na dawa za kemo za mwanzo ziliposhindwa kuuondoa ugonjwa, ninyi ndio mliompa njia nyingine. Mlichukua seli T kutoka kwenye damu yake, zikapelekwa kiwandani na kuwekewa kipokezi kinachoitambua alama ya CD19 iliyo juu ya seli za saratani, zikazidishwa, zikarudi zikiwa zimegandishwa; hizo ndizo seli za CAR-T. Kabla ya kurudishiwa alitiwa dawa za kemo, fludarabini na siklofosfamidi, kwa siku 3 ili kuzipisha hizo mpya, kisha seli zake zikaingia kwa dripu ya muda mfupi tu. Yescarta, dawa ya aina hiyo, iliidhinishwa Marekani Oktoba 2017. Katika utafiti wake wa ZUMA-1, uliochapishwa Desemba mwaka huohuo, walitibiwa wagonjwa 101 ambao saratani yao ilikuwa imezishinda dawa nyingine, na asilimia 54 kati yao saratani haikuonekana tena. Walipofuatiliwa kwa miaka 5, zaidi ya asilimia 40 walikuwa bado hai. Kwa watu waliokuwa wameambiwa kwamba wamebakiwa na miezi, hilo ni jambo kubwa, na sisi tunalishukuru.

Lakini utafiti huohuo ulitoa onyo. Asilimia 64 ya wagonjwa walipata madhara ya mfumo wa fahamu, na kwa asilimia 28 madhara hayo yalikuwa ya daraja la 3 au zaidi, yaani makali. Hili si jambo la kushtukiza katika wodi kama yenu, kwa kuwa ni jambo linalosubiriwa kila mgonjwa anaporudishiwa seli zake. Seli zilizotengenezwa zikikutana na saratani huzaliana kwa wingi na kumwaga kemikali ziitwazo saitokini, na seli nyingine za kinga, hasa makrofaji, huongeza za kwao. Kwanza huja homa na kushuka kwa shinikizo la damu, na hapo hutolewa tosilizumabu, dawa ya kutuliza athari za saitokini. Pamoja na hali hiyo, au siku chache baadaye, kuta za mishipa midogo ya damu hudhurika, kizuizi kinachoulinda ubongo huvuja, na mgonjwa huanza kuchanganyikiwa. Ndiyo hali ambayo madaktari huiita ICANS. Tosilizumabu ni molekuli kubwa isiyoingia vizuri ubongoni, kwa hiyo hapo tegemeo kuu huwa deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi, na uamuzi wa kuianza na kipimo chake hutegemea daraja la ugonjwa. Daraja nalo hutegemea sana maswali anayoulizwa mgonjwa kitandani.

Maswali hayo yamo katika kipimo cha ICE, kilichopendekezwa na ASTCT, jumuiya ya Marekani ya upandikizaji na tiba ya seli, katika mwongozo wake uliochapishwa mwaka 2019. Alama zake ni 10: nne za kuujua mwaka, mwezi, mji na hospitali, tatu za kutaja vitu vitatu anavyooneshwa mgonjwa, moja ya kutii agizo, kama la kuonesha vidole viwili, moja ya kuandika sentensi, na moja ya kuhesabu kutoka 100 kurudi nyuma kwa makumi. Akipata 7 hadi 9 yuko daraja la 1, akipata 3 hadi 6 yuko la 2, na akishuka chini ya hapo yuko la 3 au la 4. Hakuna hata alama moja kati ya hizo isiyopitia kwenye lugha. Ndiyo sababu kipimo hiki ni kizuri, kwani kupotea kwa maneno, kutetemeka kwa mwandiko na kushindwa kutaja kitu cha kawaida ni miongoni mwa dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa huu. Na ndiyo sababu kukitumia kwa lugha isiyo ya mgonjwa ni kukiharibu.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Hakukuwa na kipimo cha msingi, yaani cha kulinganishia vya baadaye, kwa Kiswahili.

Kabla ya kurudishiwa seli zake, kaka aliulizwa maswali hayo kwa Kiingereza na akayajibu. Kiingereza chake ni cha kazini. Anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, anawaelewa wasimamizi wake, anajaza fomu za mafuta na za zamu. Hafikirii kwa Kiingereza, haoti kwa Kiingereza, na hakuna aliyemuuliza kama anahesabu kwa Kiingereza. Kwa kuwa maswali yalikuwa yaleyale na vitu alivyooneshwa vilikuwa vilevile kila zamu, yaani kalamu, saa ya mkononi na kitufe cha kitanda, alivikariri. Sentensi aliyoiandika ilikuwa moja siku zote, ya kutaja jina lake na kusema kwamba anapenda kahawa. Kilichokuwa kinapimwa siku zile ni kama bado anaikumbuka orodha. Kama ubongo wake ungepimwa kwa lugha yake tangu siku ya kwanza, angekuwepo mtu wa kusema baadaye, kwa ushahidi wa karatasi, kwamba leo si kama jana.

2. Dalili zilipoanza, zilihesabiwa kuwa ugeni wa lugha.

Hili ndilo zito kuliko yote, na naomba mlisome polepole.

Mwishoni mwa wiki ya kwanza, jioni, wifi yangu alimpa kaka maji. Kaka aliishika bilauri, akaitazama, akaiita funguo. Wifi alicheka kidogo akidhani ni utani wa mgonjwa. Muda mfupi baadaye akataka kuswali Magharibi akiwa ameketi kitandani, na mtu huyu aliyeisoma Alhamdu tangu utotoni Tanga alirudi kwenye aya ileile tena na tena, kana kwamba iliyofuata haikuwepo. Wifi alitoka kwenda kumwita muuguzi, akamweleza kwa Kiingereza chake kidogo kwamba mume wake haongei sawasawa.

Muuguzi alikuja mara moja, na kwa hilo simlaumu. Alimwonesha kalamu, kaka akaitaja. Akamwonesha saa, akaitaja. Kitufe kilimshinda. Aliambiwa aandike sentensi. Mstari ulipanda juu, herufi zikapandana, jina lake likakatika katikati na kahawa haikuandikwa kabisa. Alipewa alama 8. Tulipoomba kumbukumbu za matibabu, kama sheria inavyoturuhusu, tulikuta jioni ile pembeni ya alama hizo pameandikwa kwamba mgonjwa ana kizuizi cha lugha. Hakuna aliyeandika kwamba siku iliyotangulia, kwa lugha ileile na kizuizi kilekile, alikuwa amepata 10. Daktari wa zamu hakuitwa. Karatasi ya sentensi ya jana ilikuwa chini ya ile ya leo, kwenye ubao uleule wa kuandikia, na ingetosha kuifunua.

Alfajiri kaka alipatwa na degedege. Kwa mwongozo wenu wenyewe, degedege peke yake, hata ikiisha haraka, humweka mgonjwa daraja la 3. Alihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, akaanzishiwa deksamethasoni, na kwa muda alikuwa macho, anatutazama, hana neno hata moja la lugha yoyote.

Sidai kwamba dawa ingeizuia degedege kwa hakika, wala hakuna daktari mkweli anayeweza kuahidi hivyo. Nadai kwamba alama 8 kwa mtu aliyekuwa na 10 ni daraja la 1 kwa hesabu yenu ninyi, na kwamba daraja la 1 lina taratibu zake: daktari kuarifiwa, mgonjwa kupimwa tena mara kwa mara, uchunguzi wa ubongo kufikiriwa, na steroidi kuwa tayari. Hayo yote yalizuiwa na maneno machache yaliyoandikwa pembeni.

3. Mkalimani alipopatikana, aliyasafisha maneno ya mgonjwa.

Baada ya degedege ililetwa tableti yenye mkalimani wa video. Alikuwa mwanamke mwenye adabu na Kiswahili kizuri, naye alifanya kile ambacho wakalimani wengi hufundishwa kukifanya, yaani kuufikisha ujumbe ukiwa unaeleweka. Kaka alitamka vipande vya maneno visivyoungana; mkalimani akatafuta maana ndani yake, akamwambia daktari kwamba mgonjwa anasema amechoka na anataka kulala. Kaka hakusema hivyo, nami nilikuwepo nikisikia. Katika matibabu ya kawaida huo ni msaada. Katika kuupima ubongo unaopoteza lugha, huko ni kuifuta dalili yenyewe kabla daktari hajaiona. Mkalimani wa kazi hii anapaswa kuambiwa mapema asirekebishe, asiunganishe, aseme waziwazi kwamba neno hili si neno, kwamba sentensi hii haina mwisho, kwamba mgonjwa amelirudia jambo lilelile.

Nimezungumza na familia moja kutoka Bukavu iliyopitia tiba hii kwingine. Mzee wao anazungumza Kiswahili nyumbani lakini huhesabu kwa Kifaransa, kwa sababu shuleni alifundishwa hivyo. Mkalimani wa Kiswahili alimtaka ahesabu kutoka mia, naye akakwama. Wakati mwingine tatizo ni dogo zaidi ya hapo: muuguzi mmoja alimuuliza kaka yangu saa ngapi, akajibu saa mbili, na ilikuwa saa mbili usiku kwetu sote tunaohesabu saa kuanzia machweo. Kwa Kiingereza saa hiyo ni ya nane, na jibu hilo liliandikwa kuwa ni kuchanganyikiwa. Kwa hiyo palepale alipokuwa sahihi alionekana mgonjwa, na palepale alipokuwa mgonjwa alionekana mgeni wa lugha.

4. Wifi yangu aligeuzwa mkalimani.

Usiku, tableti ilipokuwa inatumika kwingine, yeye ndiye aliyeombwa kutafsiri. Alikuwa hajalala, alikuwa na hofu, na mke anayemwona mumewe akipotea hawezi kuwa shahidi asiye na upande. Kanuni za Kifungu cha 1557 cha sheria ya huduma za afya ya mwaka 2010 zinakataza kumtegemea ndugu aliyefuatana na mgonjwa kufanya kazi hiyo, isipokuwa kwa dharura au kwa ombi la mgonjwa mwenyewe chini ya masharti maalumu. Alipokuja na taarifa ya thamani, kwamba mumewe haongei sawasawa, hakusikilizwa. Alipohitajika kujaza pengo la mkalimani, ghafla akaaminiwa.

5. Kupona nako kulipimwa vibaya.

Kaka alipoanza kurejea, alirejea kwa Kiswahili. Aliniuliza habari za watoto, akanitajia majina yao kwa mpangilio wa kuzaliwa, akahesabu mia, tisini, themanini mpaka kumi bila kusita. Kwenye fomu alikuwa bado na alama chache, kwa kuwa Kiingereza kilichelewa kurudi. Inajulikana tangu zamani katika elimu ya ubongo kwamba mtu wa lugha mbili anaweza kuzipoteza na kuzipata kwa viwango tofauti. Steroidi ziliendelea kwa kiwango kikubwa huku fomu ikisubiriwa, na ninyi mnajua kuliko mimi kwamba steroidi nyingi kwa mtu asiye na kinga humfungulia maambukizi.

6. Tuliruhusiwa kwenda nyumbani na karatasi ambazo anayemuuguza mgonjwa nyumbani hawezi kuzisoma.

Juni 2025, FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa, iliuondoa mpango maalumu wa usalama uliokuwa ukizibana hospitali zinazotoa tiba hii. Muda wa mgonjwa kukaa karibu na hospitali ukapunguzwa kutoka wiki 4 hadi 2, na marufuku ya kuendesha gari ikatoka wiki 8 hadi 2. Sababu walizozitoa ni kwamba madaktari sasa wana uzoefu na kwamba masharti ya zamani yaliwazuia wagonjwa wa mbali kuifikia tiba. Sina ugomvi na sababu hizo. Ila maana yake ni kwamba sehemu ya ulinzi iliyokuwa mikononi mwa hospitali sasa iko mikononi mwa anayelala chumba kimoja na mgonjwa, na madhara ya ubongo yanaweza kujitokeza hata baada ya wiki hizo mbili. Wifi alipewa kijitabu cha Kiingereza na kadi ya kuweka kwenye pochi. Kadi iwe ya Kiingereza, kwa kuwa itasomwa na daktari wa dharura. Kijitabu je? Hakuna aliyemwambia kwa Kiswahili kwamba mumewe akianza kutetemeka mkono, akikosa jina la kijiko, akiandika ovyo au akisinzia kuliko kawaida, asisubiri asubuhi. Wala hakuna aliyemwambia kwamba marufuku ya kuendesha inahusu pia ile mashine ya ghalani ambayo ndiyo riziki yao.

Waheshimiwa, nayajua majibu mtakayoyatoa, kwa sababu mengine tumeshapewa.

Mtasema kaka aliandikishwa kuwa anajua Kiingereza. Ni kweli, alijibu ndiyo alipoulizwa mapokezini. Mtu anayeulizwa dirishani kama anajua Kiingereza anaulizwa kama anaweza kujaza fomu. Haulizwi kama yuko tayari uhai wake utegemee kulikumbuka jina la kitufe kwa lugha hiyo akiwa na homa kali. Maswali hayo mawili yatenganishwe.

Mtasema kipimo cha ICE kimehakikiwa kwa Kiingereza na kwamba tafsiri ingekiharibu. Hoja hii ingekuwa na uzito kama badala yake mngetoa kitu bora. Mlichokitoa ni kipimo kilekile kwa mtu asiyeimudu lugha yake, na hicho hakijahakikiwa popote. Mwaka, mwezi, mji, kalamu, vidole viwili, makumi kumi: haya si maswali ya kuhitaji miaka ya utafiti kabla ya kuyaandika kwa Kiswahili sanifu na kuyakagua na wauguzi wanaokizungumza. Wapo, na baadhi yao wanafanya kazi katika jengo lenu.

Mtasema Machi 2025 Rais alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani na kuifuta amri ya mwaka 2000 kuhusu huduma kwa wasiokijua. Amri ya rais haifuti sheria iliyopitishwa na Bunge. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, inayokataza ubaguzi wa asili ya taifa katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu, ipo. Kifungu cha 1557 kipo. Na hata visingekuwepo, kipimo kisichopima kinachodaiwa kupimwa ni udaktari mbaya kwa mgonjwa wa lugha yoyote.

Mtasema gharama. Yescarta ilipoingia sokoni bei yake ya orodha ilikuwa dola 373,000, bila kuhesabu kitanda, maabara wala chumba cha mahututi. Hospitali inayoweza kuiandaa tiba ya thamani hiyo kwa mtu mmoja haiwezi kusema kwamba dakika chache za mkalimani kila zamu, kwa siku zile za hatari tu, zimeishinda. Huduma za wakalimani kwa simu hupatikana saa 24.

Na mtasema, kama mlivyotuambia kikaoni, kwamba kaka amepona. Amepona, tunamshukuru Mungu, na kwa wagonjwa wengi madhara haya huisha. Lakini si wote. Mwaka 2016, katika jaribio la dawa nyingine ya kundi hili iliyoitwa JCAR015, lililohusu watu wazima wenye saratani ya damu, wagonjwa 5 walifariki kwa ubongo kuvimba, na mwaka uliofuata dawa hiyo ikaachwa. Tangu hapo uangalizi umeboreka sana, na umeboreka kwa sababu watu walijifunza kuziona dalili mapema. Kuziona mapema ndiko tunakokudai, kwa wagonjwa wote.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunaomba yajibiwe moja baada ya jingine:

(a) Kila mgonjwa wa tiba ya CAR-T aulizwe, kwa kupitia mkalimani aliyehitimu, anafikiria kwa lugha gani, na anahesabu kwa lugha gani, na kipimo cha msingi kifanywe kwa lugha hizo kabla ya seli kurudishwa. Sentensi yake ya kwanza ihifadhiwe kando ya kitanda ili ilinganishwe na kila inayofuata, na vitu anavyooneshwa vibadilishwe.

(b) Karatasi ya ICE ya Kiswahili iandaliwe pamoja na wauguzi na wakalimani kutoka Tanzania, Kenya na Kongo, kwa sababu Kiswahili cha Lubumbashi na cha Tanga havifanani kwa kila neno, na muuguzi asiyejua Kiswahili awe na majibu yanayokubalika yaliyoandikwa mbele yake.

(c) Maneno "kizuizi cha lugha" yasikubaliwe kamwe kuwa maelezo ya alama iliyoshuka. Alama ikishuka chini ya ile ya msingi, kwa lugha yoyote, daktari aitwe.

(d) Wakalimani wanaotumika katika wodi hiyo wapewe maelekezo ya maandishi ya kutorekebisha usemi wa mgonjwa na ya kueleza jinsi anavyoongea, si anachokisema peke yake.

(e) Ndugu akisema kwamba mgonjwa haongei sawasawa, kauli yake iandikwe na iwe sababu ya kutosha ya kupima upya kwa lugha ya mgonjwa. Tungependa hili lianze hata kesho, kwa kuwa halihitaji bajeti.

(f) Maelekezo ya kurudi nyumbani yatolewe kwa Kiswahili, kwa maandishi na kwa sauti, kwa kuwa wapo wazee wetu wasiosoma, nayo yataje dalili kwa maneno ya nyumbani na namba ya simu inayopokelewa usiku na mtu anayeweza kumuunganisha mkalimani papo hapo.

(g) Kumbukumbu ya matibabu ya kaka yangu irekebishwe. Pale palipoandikwa kizuizi cha lugha paongezwe maelezo kwamba familia iliripoti mabadiliko ya usemi jioni ile, na kwamba alama ilikuwa imeshuka. Hili ni muhimu kwa matibabu yake yajayo, maana daktari mwingine akisoma faili hilo leo ataamini kwamba degedege ilikuja bila onyo.

Hatujafungua kesi na si nia yetu kuanza na kesi. Tuko tayari kukaa nanyi, na wifi yangu yuko tayari kueleza alichokiona, safari hii akiwa na mkalimani wake. Wapo pia wauguzi wazungumzaji wa Kiswahili waliojitolea kuipitia rasimu ya karatasi ya ICE bila malipo. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likionesha ni ombi lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani, na nani atasimamia utekelezaji. Siku hizo zikipita kimya, tutapeleka malalamiko rasmi katika ofisi ya haki za kiraia ya Wizara ya Afya ya Marekani, na nakala ya barua hii itaambatanishwa.

Wenu kwa heshima,

Dada wa mgonjwa,
kwa niaba ya mke wake na familia.

Nakala: Ofisi ya malalamiko ya wagonjwa, Mkuu wa huduma za ukalimani, Muuguzi Mkuu wa wodi.